Kabla ya kutupa dawa ya kolesteroli, nenda upime sukari

KAMPEMBA (Lubumbashi) – Kuna ujumbe wa sauti unaozunguka katika vikundi vya WhatsApp vya kartiye zetu, Bel-Air, Bongonga, Hewa Bora. Ni sauti ya mwanaume. Hataji jina lake, lakini anaongea kama mtu aliyezoea hospitali. Anasema vidonge vya kupunguza kolesteroli, vile ambavyo majina yao yanaishia na "statini", vinaleta ugonjwa wa sukari. Wazungu wanajua tangu zamani, ila wananyamaza ili waendelee kuuza. Mwishoni anaomba kila anayesikia apeleke kwa watu kumi, "tuokoe wazee wetu".

Wazee wetu wamesikia. Wiki hii peke yake nimekutana na watu watatu walioacha vidonge vyao kwa sababu ya sauti ile. Mmoja kati yao alipata AVC mwaka jana, na mkono wake wa kuume haujarudia nguvu mpaka leo.

Ubaya wa ujumbe ule ni kwamba nusu yake ni kweli. Statini zinaongeza kweli hatari ya kupata ugonjwa wa sukari. Anayekana jambo hilo anadanganya watu, na anayetupa vidonge vyake kwa sababu hiyo anaweza kufa mapema. Naomba basi tuongee polepole, kwa namba, maana kinachoniuma mimi kiko upande mwingine: hapa kwetu mtu anaweza kumeza kidonge hicho miaka miwili, na katika miaka hiyo yote asipatikane hata mtu mmoja wa kumchoma kidole aangalie sukari yake iko ngapi.

Karatasi iliyobaki ndani ya boksi

Tuanze na hiyo habari ya Wazungu wanaonyamaza. Dawa ya kwanza ya ukoo huu haikutoka hata kwa Wazungu. Aliyeivumbua ni Mjapani, Akira Endo, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya Sankyo. Katika miaka ya 1970 alichunguza maelfu ya aina za kuvu, ile inayoota juu ya mkate uliokaa, akitafuta moja inayoweza kuzuia mwili kutengeneza kolesteroli. Akaipata katika kuvu ya ukoo uleule uliotupa penisilini. Mwaka 1987 Marekani iliruhusu statini ya kwanza kuuzwa, lovastatini. Baadaye zikaja simvastatini, atorvastatini, rosuvastatini na nyingine, na hizo ndizo tunazoziona leo katika farmasi za Lushi.

Habari ya sukari nayo ilichapishwa waziwazi mwaka 2008, katika uchunguzi mkubwa ulioitwa JUPITER. Watu 17,802 waligawanywa makundi mawili, kundi moja likapewa rosuvastatini, lingine likapewa kidonge kisicho na dawa ndani. Waliomeza dawa walipata shida za moyo na AVC chache zaidi, mpaka uchunguzi ukasimamishwa mapema kwa sababu faida ilikuwa imeonekana. Lakini waganga waliripoti pia watu 270 waliopata sukari katika kundi la dawa, na 216 katika kundi lingine. Walioandika hivyo ni walewale waliofanya uchunguzi. Mwaka 2010 gazeti la waganga la Uingereza, The Lancet, likakusanya chunguzi 13 zenye watu 91,140 na kuthibitisha: hatari ya sukari inapanda kwa 9 kwa mia. Februari 2012 ofisi ya Marekani inayosimamia dawa ikaamuru jambo hilo liandikwe kwenye maelezo ya dawa hizi zote.

Kwa hiyo imeandikwa. Fungua boksi zima la atorvastatini, toa ile karatasi iliyokunjwa mara nane, usome Kifaransa chake kidogo kidogo: utakuta inasema muganga atakufuata kwa karibu kama una ugonjwa wa sukari au uko katika hatari ya kuupata, na kwamba aliye katika hatari ni mwenye sukari na mafuta mengi katika damu, mwenye uzito kupita kiasi na mwenye tansyo.

Sasa niambie, nani Kampemba ananunua boksi zima? Tunanunua plaketi. Wengine wananunua nusu plaketi, vidonge vitano vinavyokatwa kwa mkasi, jina la dawa likikatika katikati na tarehe ya kuisha ikibaki upande wa muuzaji. Karatasi inabaki ndani ya boksi, boksi linabaki juu ya etajeri, na sisi tunarudi nyumbani na vidonge kama mtu aliyenunua petroli kwa kadhafi: chupa bila jina. Hivyo ndivyo jambo lililoandikwa tangu 2012 linavyotufikia baada ya miaka mingi, kwa sauti ya mtu asiyejulikana, likiitwa siri.

Tuhesabu watu 255

"Tisa kwa mia" inatisha kuisikia. Watu wengi wanaelewa kwamba katika watu mia wanaomeza dawa, tisa watapata sukari kwa sababu yake. Sivyo. Chukua watu 255, kama misa ya kwanza ya siku ya Mungu katika parokia ya kawaida. Wape wote statini kwa miaka minne. Hesabu ya 2010 inaonyesha kwamba mtu mmoja zaidi ndiye atakayepata sukari, mmoja ambaye pengine asingeipata kama angebaki bila dawa. Katika misa hiyohiyo, kwa miaka ileile minne, watu kama watano watakuwa wameepuka shambulio la moyo au kifo cha moyo. Na hapo hatujahesabu AVC.

Mmoja kwa watano. Hata huyo mmoja, tusimdharau. Ugonjwa wa sukari hapa kwetu ni mzigo wa maisha yote: dawa kila mwezi, miguu isiyopona, macho, figo. Lakini linganisha na moyo uliosimama.

Kuna uchunguzi mmoja wa zamani ambao ninaupenda kwa sababu namba zake mtu yeyote anaweza kuzishika. Ulifanyika katika nchi za kaskazini mwa Ulaya na matokeo yakatoka mwaka 1994. Watu 4,444 ambao moyo wao ulikuwa umeshaugua waligawanywa katikati, na kwa zaidi ya miaka mitano nusu wakameza simvastatini. Upande usio na dawa walikufa 256. Upande wa dawa walikufa 182. Hao 74 katikati ni watu, wana wake na waume na watoto.

Ndiyo maana yule mzee mwenye mkono uliolegea nimemwambia mbele ya watoto wake arudi kwa muganga wake wiki hii hii, na plaketi mkononi. Kwake yeye hesabu haina ubishi. Anayepaswa kufikiri zaidi ni mtu mwingine: mwenye miaka 45, hajawahi kuugua moyo, hana tansyo, havuti sigara, ila jirani alimwambia kwamba kolesteroli yake "iko mingi" kwa kumtazama tumbo. Huyo anameza dawa bila kipimo chochote. Faida yake inaweza kuwa ndogo sana, na hatari anaibeba yote.

Nani anasukumwa

Kwa nini dawa ya mafuta iguse sukari? Statini inazuia kifaa kimoja kidogo ndani ya ini ambacho kazi yake ni kutengeneza kolesteroli. Ini likikosa kolesteroli yake, linaanza kuivuta ile iliyo kwenye damu, na mishipa inapata nafuu. Lakini kifaa hicho kina mkono pia katika mambo mengine ya mwili. Mwaka 2015 wachunguzi walionyesha kwamba hata watu ambao kifaa hicho ni dhaifu tangu kuzaliwa, bila kumeza kidonge chochote, wana uzito zaidi kidogo na sukari zaidi kidogo kuliko wengine. Basi si uchafu wa dawa ya bandia, wala si sumu iliyowekwa kwa ajili ya Waafrika kama nilivyosikia mtu akisema kwenye taxi-bus. Ni kazi yenyewe ya dawa, ambayo ina upande wa pili.

Jambo kubwa zaidi, na ambalo ujumbe wa WhatsApp haukusema hata neno moja juu yake, ni kwamba hatari hiyo haigawanywi sawa. Wachunguzi wa JUPITER walirudi kwenye hesabu zao mwaka 2012 wakatenganisha watu. Wale ambao hawakuwa na dalili yoyote ya kuelekea sukari, yaani uzito wa kawaida na sukari ya kawaida, dawa haikuwaongezea kitu. Wale waliokuwa nazo ndio waliobeba ongezeko lote. Hata hao, dawa iliwafikisha kwenye sukari mapema kwa wiki tano na nusu hivi kuliko wenzao. Wiki tano! Walikuwa wanaelekea huko kwa miguu yao wenyewe, dawa ikawapa lifti ya sehemu ndogo ya safari.

Mwaka 2024 hesabu kubwa zaidi ilitoka, ya chunguzi 19 na watu 123,940, na ikasema jambo lilelile kwa nguvu zaidi. Zaidi ya nusu ya wagonjwa wapya walitoka katika robo ya watu ambao sukari yao ilikuwa juu tangu siku ya kwanza. Ikaonyesha pia kwamba kipimo cha dawa kina maana. Dozi ndogo na ya katikati inaongeza hatari kwa 10 kwa mia. Dozi kubwa, kama atorvastatini 40 au 80, au rosuvastatini 20 na kupanda, inaongeza kwa 36 kwa mia.

Hapo kwenye dozi nataka tukae kidogo. Farmasi za kona zetu zinauza kilichopo. Ordonansi inasema 20, vidonge vya 20 vimeisha, muuzaji anatoa 40 na kusema "ni ile ile, ni ya nguvu tu". Mteja anafurahi, maana kwetu dawa ya nguvu ni dawa nzuri. Kumbe ukizidisha dozi ya statini mara mbili, kolesteroli mbaya inashuka kwa kama 6 kwa mia tu zaidi ya ilivyoshuka kwanza. Kuna wagonjwa wanaohitaji dozi kubwa, hasa waliotoka kwenye shambulio la moyo, na muganga anajua kwa nini ameiandika. Lakini dozi isipandishwe kwa sababu ya kilichobaki kwenye etajeri. Kidonge cha 40 kinaweza kukatwa katikati kama muganga amesema, lakini muuzaji asiamue peke yake.

Mama wa Bongonga

Mama mmoja wa Bongonga, muuza samaki, ana miaka 58. Ana tansyo tangu zamani. Miaka miwili iliyopita alipewa atorvastatini katika kituo kimoja cha afya, akaambiwa arudi. Hakurudi, maana kurudi ni franka za konsiltasyo, franka za labo, na siku nzima ya soko iliyopotea. Aliendelea kununua plaketi yake kila alipopata feza. Aliposikia ule ujumbe aliacha siku ileile. Nilimuuliza kama aliwahi kupimwa sukari.

"Ile hapana, mwana. Balinipimaka tu tansyo."

Nikamuuliza nani alimshauri aache.

"Ni yaya yangu. Aliniambia, achia ile dawa, inaletaka sukari. Sasa miye nifanye namna gani? Sukari ilimuuaka mama yetu."

Soma tena maneno yake ya mwisho. Mama yake aliuawa na sukari. Yeye mwenyewe ana tansyo, na mwili wake ni mkubwa. Huyu ndiye hasa yule ambaye karatasi ndani ya boksi inamtaja, yule ambaye sukari yake ilipaswa kupimwa kabla ya kidonge cha kwanza. Aliyempa dawa hakumuuliza habari za mama yake. Aliyemnyang'anya dawa, yaani sauti ya WhatsApp, hakumuuliza pia.

Alipimwa hatimaye, asubuhi, kabla ya kula: 117. Namba hii maana yake nini? Sukari ya asubuhi ikifika 126 na kupita (labo nyingine zinaandika gramu 1.26 kwa lita) na kipimo kikirudiwa kikasema vilevile, huo ni ugonjwa wa sukari. Kati ya 100 na 125 Wamarekani wanasema uko mpakani. Shirika la Afya Duniani linaanza kuhesabu mpaka huo kwenye 110. Mama huyu yuko mpakani kwa hesabu zote mbili. Je, ni dawa iliyomfikisha hapo au ni damu ya mama yake, au ni sukre baridi anazokunywa sokoni kila saa sita? Hakuna mtu duniani anayeweza kujibu, kwa sababu miaka miwili iliyopita hakuna aliyepima. Kipimo kile cha kwanza, ambacho hakikufanyika, hakinunuliki tena.

Muganga aliyemwona alimrudishia dawa kwa dozi ndogo, akamwambia apunguze sukre na bukari ya usiku, atembee, arudi baada ya miezi mitatu. Wengine watashangaa: mtu yuko mpakani mwa sukari, unamrudishia dawa inayosukuma kwenye sukari? Lakini wenye ugonjwa wa sukari wenyewe wanapewa statini. Kinachowaua wengi wao ni moyo na mishipa. Mwaka 2004 uchunguzi mmoja wa watu 2,838 wenye ugonjwa wa sukari ulionyesha kwamba atorvastatini ya 10 tu iliwapunguzia mashambulio ya moyo, AVC na shida kubwa za namna hiyo kwa 37 kwa mia. Nao ulisimamishwa miaka miwili kabla ya wakati kwa sababu ya faida hiyo.

Mfano wa jirani

Mara nyingi tukiongea dawa hizi tunasikia kwamba zilijaribiwa kwa Wazungu tu, damu yetu ni nyingine. Kwa miaka mingi lawama hiyo ilikuwa na msingi mkubwa. Leo kuna kitu cha karibu zaidi. Uchunguzi ulioitwa REPRIEVE ulichukua watu 7,769 wanaoishi na VVU katika nchi 12, kati yake Uganda, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini. Walipewa pitavastatini, ambayo inasifiwa kwamba haigusi sana sukari, au kidonge kitupu. Matokeo yalitoka mwaka 2023: shida kubwa za moyo na mishipa zilipungua kwa 35 kwa mia. Na ugonjwa wa sukari? Watu 206 kwenye kundi la dawa, 155 kwenye lingine. Hata ile inayosifiwa ilisukuma kidogo. Hao ni majirani zetu, wanakula mahindi kama sisi.

Kuna jambo lingine katika uchunguzi ule linalonifanya nifikiri. Mtu anayeishi na VVU Lubumbashi ana karatasi yake, ana tarehe ya kurudi, na asipokuja kuna mtu anayemtafuta. Mwenye moyo mgonjwa ana nini? Ana ordonansi iliyokunjwa ndani ya pochi mpaka maandishi yamefutika. Tulijifunza kufuata wagonjwa mwaka hadi mwaka kwa ugonjwa mmoja. Ujuzi upo, uko katika vituo vyetu hivi hivi, wakati mwingine ni mlango wa pili kwenye koridoo ileile.

Zamani wazee wetu wengi walikuwa na kitu kama hicho. Mfanyakazi wa Gécamines aliumwa, akaenda hospitali ya kampuni, yeye na bibi yake na watoto, na dosiye yake ilikaa pale miaka na miaka. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika ile operesheni ya kuondoka kwa hiari. Wamezeeka sasa. Wako katika umri wa tansyo, wa kolesteroli na wa AVC, na dosiye hawana. Nikisikia kijana akicheka kwamba wazee wanaamini kila kitu cha WhatsApp, ninamuuliza: wamwamini nani mwingine, ambaye aliwatafuta?

Sauti mbaya ina matokeo ambayo yanaweza kuhesabiwa. Denmark walifanya hivyo, wakachukua watu zaidi ya 600,000 waliokuwa wanameza statini. Waliona kwamba kila habari mbaya juu ya dawa hizi ilipotoka kwenye magazeti na redio, watu zaidi waliacha mapema. Na walioacha mapema walipata mashambulio ya moyo zaidi kwa 26 kwa mia kuliko walioendelea. Na Denmark kila mtu ana muganga wake wa kumpigia simu.

Kuna pia wanaokimbia kidonge na kuingia kwenye "dawa za asili". Kitunguu saumu na ndimu havina ubaya kwenye chakula. Lakini kama umeuziwa kapsuli za mchele mwekundu wa Kichina za kusafisha mishipa, ujue kwamba ndani ya mchele ule mna kitu kilekile kinachoitwa lovastatini. Umetoka mlangoni, umerudi dirishani, na safari hii dozi haijulikani.

Gharama ya tone moja la damu

Ninachoomba si kikubwa. Yeyote anayempa mtu wa Kampemba statini kwa mara ya kwanza, awe muganga wa Sendwe au nesi wa kituo kidogo cha Kigoma, ampime sukari siku ile, aandike namba kwenye kikaratasi, ampe mgonjwa akitunze. Apime tena baada ya miezi mitatu au minne, kisha kila mwaka, na mara nyingi zaidi kwa aliye mpakani. Kimashine kipo katika vituo vingi. Kinachokosekana ni bandeleti, maana zinaisha na kila moja ina bei yake. Hapo ndipo serikali ingeweza kusaidia kwa kitu kidogo chenye faida kubwa. Mpango wa afya kwa wote ulizinduliwa na Rais Tshisekedi tarehe 5 Septemba 2023, ukaanza na wamama wanaozaa na watoto wachanga. Ni mwanzo mzuri na siupingi. Lakini bibi aliyemlea yule mama mzazi naye anahitaji mahali katika mpango huo, na bandeleti moja ni ndogo kuliko kitu chochote kinachofanyika maternite.

Wenye farmasi nao, hata kama wanauza kwa plaketi, wana karatasi. Boksi moja la plaketi tatu lina karatasi moja. Wangeibandika ukutani, upande wa mteja, na kupiga mstari kwa kalamu nyekundu chini ya sentensi inayosema sukari. Muuzaji mmoja wa Bel-Air nimemweleza wazo hilo. Akacheka, akaniambia wateja wataogopa na hawatanunua. Nikamjibu wameshaogopa, na wameshaacha kununua.

Na wewe unayemeza sasa hivi: usiache usiku wa leo. Enda kwa aliyekuandikia, ukiwa na plaketi yako, bila kula asubuhi. Mwambie kama baba au mama yako alikuwa na sukari. Muulize kwa nini alikupa dawa hii, kwa ajili ya shida gani, na dozi uliyo nayo mkononi kama ndiyo aliyoandika. Ukiona kiu isiyoisha, mkojo wa kila saa, mwili unaopungua bila sababu, usingoje miezi mitatu.

Tarehe 14 Novemba ni siku ya ugonjwa wa sukari duniani. Kila mwaka, hapa na pale mjini, watu wanapimwa bure siku ile. Wanapewa namba yao na kurudi nyumbani. Mwaka huu watakaopima katika komini yetu wangeongeza swali moja mezani, kabla ya kuchoma kidole: "Mama, papa, vidonge gani unameza nyumbani?" Na wakaaji wa Kampemba tungekuja na plaketi zetu mfukoni, hata zile nusu zilizokatwa kwa mkasi.